Chai Iliyopitiwa na Usingizi

Mtaani kwetu kuna mama mmoja anayeshona mito ya kulalia. Tunamwita Bi Mito, na mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hudhani ni mhandisi wa maji, mtu wa madaraja na mabwawa. Kumbe mito yake yote inaenea chumba kimoja na haina tone la maji. Ni sufi tupu, nyeupe, nyepesi, inayopaa ukipiga chafya. Ukimtembelea asubuhi unamkuta amekaa katikati ya wingu lake, sindano mdomoni, sufi imemganda kichwani hata hujui mvi ni ipi na sufi ni ipi.

Anaishi na dada yake. Dada Mkubwa, kama sote tunavyomwita, alikuwa mpokea simu enzi zile ambapo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine, sharti kwanza uongee na binti wa posta. Wazee wa hapa wanaikumbuka sauti yake kuliko sura yake. Sasa umri umeanza kumchukua kidogo kidogo, kama maji yanavyokula ukingo. Kuna siku anajua kila kitu, hadi bei ya nyanya. Kuna siku anakaa barazani mikono magotini, na mtu akibisha hodi anajibu kwa upole, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Siku hizo hata mdogo wake hamjui. Humwamkia kwa adabu kama mtu baki, akamuuliza ametoka wapi.

Bi Mito alimtunza kwa namna ambayo sisi majirani tuliona imezidi. Hakutia tonge mdomoni kabla dada hajashiba. Mkate ukiungua, upande ulioungua ulikuwa wake. Siku moja Dada Mkubwa alimwaga chai juu ya mito ya bibi harusi, iliyokwisha kushonwa na kupigwa pasi, na mimi nilikuwepo. Aliyeomba radhi ni Bi Mito. "Nisamehe dada, nimeiweka mahali pabaya." Mke wa seremala akaninong'oneza, "Huyu utafikiri kuna kitu alimvunjia mwenzake."

Hakukosea sana. Bi Mito mwenyewe aliamini hivyo tangu utotoni.

Barabara ya zamani inapoanza kupanda mlima kuna nyumba ya wageni ya ghorofa moja, ina ngazi ya mbao inayopanda kwa nje, ndiyo maana watu huiita Nyumba ya Ngazi. Kabla barabara mpya haijachimbwa upande wa pili, mabasi yote yalisimama pale. Abiria walishuka wakanyoosha miguu, wenye fedha wakalala, wasio nazo wakanywa chai wakaendelea. Mama yao alishuka pale na binti yake mkubwa mkononi na mimba iliyokomaa tumboni. Alikuwa anamfuata mumewe, aliyepata kazi mbali na kuwaita. Usiku mmoja uchungu ukamshika, na Bi Mito akazaliwa katika chumba cha juu, mkunga akiwa mke wa mwenye nyumba.

Safari haikuendelea tena. Mama alipewa chumba cha nyuma, akaanza kwa kushona mito ya wageni iliyochanika, kisha akashona mipya, kisha akapanga nyumba mtaani kwetu, na ikawa ndiyo maisha. Mume huko aliko alingoja, akatuma watu, akachoka, akaoa. Shuleni watoto walimcheka Bi Mito, "Wewe umezaliwa gesti!" Hilo halikumuuma. Lililomuuma ni neno la shangazi yake, dada wa baba, aliyefika mara moja tu kuwatazama. Alimshika kidevu yule mtoto mbele ya watu akasema, "Kumbe ndiye huyu aliyefunga njia." Halafu akacheka, akaomba maji.

Neno la mtu mzima likimwingia mtoto halitoki kwa kukohoa. Bi Mito alikua akijua kwamba angevumilia tumboni siku chache tu, dada yake angekuwa na baba. Na dada yule ndiye aliyeacha masomo kumbeba mgongoni mama akishona. Akamwonea haya maisha yake yote, na haya hizo akazigeuza utumishi. Alipomuuliza mama yake, mama alimjibu jibu lile lile kila mara: "Njia iliishia hapa," akaendelea kuchambua sufi. Mama akazikwa na maneno yake.

Nyumba ya Ngazi nayo ikafa kwa jinsi yake. Barabara mpya ilipofunguliwa mabasi yakahama, mwenye nyumba akafunga milango, popo wakahamia. Mti ukaota ukutani. Tuliizoea vile, kama mtu anavyozoea jino bovu. Mwaka juzi tukaona mafundi wamepanga majukwaa ya miti kuizunguka. Kukawa na vumbi na nyundo, kisha siku moja majukwaa yakashuka na nyumba ikasimama pale imepakwa chokaa, ngazi imerudishiwa mbao zake, roshani imejaa maua. Jumapili magari yakaanza kupanda.

Mtu aliyeleta wazo la kwenda kula huko ni mkwe wa Bi Mito, dereva wa teksi, mume wa binti yake muuguzi. Ni kijana mnene mwenye maneno mengi, lakini mbele ya mama mkwe hukunja shingo kama mwanafunzi. Alikuwa amepeleka abiria Nyumba ya Ngazi mara kadhaa, naye akiwangoja nje alikuwa akipokewa na harufu tu.

"Mama, Jumapili nawatoa, wewe na Mama Mkubwa. Tunaenda kula Nyumba ya Ngazi."

"Kula nini?"

"Chakula cha saa nne, saa tano hivi."

"Saa nne hakuna chakula. Kuna chai iliyopita na chakula ambacho hakijaiva."

"Ndiyo hiyo hiyo, Mama. Wameviunganisha. Watu wa siku hizi Jumapili wanachelewa kuamka, basi chai na cha mchana wanavimaliza kwa mkupuo mmoja."

Bi Mito akafikiri kidogo, sindano ikisubiri hewani. "Kumbe ni chai iliyopitiwa na usingizi," akasema.

Alitaka kukataa. Aliniambia baadaye kwamba moyo ulimdunda kama anayeitwa mahakamani. Alizaliwa juu lakini alilelewa mlango wa nyuma. Utoto wake wote alipeleka mito jikoni akarudi, na zile ngazi za nje zilikuwa za wageni. Hajawahi kuzipanda. Lakini Dada Mkubwa, aliyekuwa amekaa kimya pembeni, aliinua uso akasema, "Mimi nitavaa lile gauni la bluu," na hapo mjadala ukaisha.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mwepesi uliokuwa haujui uondoke au ukae. Teksi ilipanda barabara ya zamani polepole, katikati ya mikaratusi inayodondosha maji bila mvua. Dada Mkubwa alikaa mbele, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba huwa hamna kitu ila kitana. Hata mkwe aliyezoea kusimulia habari za abiria wake alinyamaza, na anasema hajui kwa nini, ila ilikuwa kama kuendesha gari ndani ya maziwa. Mara Nyumba ya Ngazi ikatokea juu yao, nyeupe ndani ya weupe, madirisha tu ndiyo yanaonekana.

Walipanda ngazi. Dada Mkubwa alitangulia, mkono mmoja kwenye ubao wa pembeni, bila kuangalia anakokanyaga. Bi Mito nyuma yake alikuwa tayari kumdaka, lakini mwenzake alikuwa anapanda kama mtu anayerudi kwake.

"Karibuni sana, shikamooni," akasema mhudumu, binti mwembamba aliyevaa raba nyeupe. "Mmeweka nafasi?"

"Nimeweka. Watu watatu, na njaa ya watu sita," akajibu mkwe, kisha akamkumbuka mama mkwe, akakohoa.

Juu palikuwa ukumbi mmoja mrefu. Mafundi walikuwa wamebomoa kuta zilizogawa vyumba vya wageni, lakini sakafu waliiacha ile ile ya zamani, mbao nyeusi zilizolambwa na miguu ya watu. Mahali kuta ziliposimama, mbao zilikuwa nyeupe zaidi, kwa hiyo ulikuwa unaona mistari chini, miraba miraba, vyumba vyote vimelala sakafuni kama kivuli. Juu yake meza, na kwenye meza watu wanaongea kwa sauti za chini, vijiko vinagonga vikombe. Ukungu ulikuwa unaingia madirishani hadi nusu na kusita. Harufu ya kahawa, siagi na chokaa mbichi.

Bi Mito alisimama. Mama yake aliwahi kumwambia jambo moja tu juu ya chumba kile: kilikuwa cha mwisho, na dirisha lake lilitazama barabara. Akaufuata mstari wa mwisho kwa macho hadi pembe ya ukumbi. Pale kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa, matunda yaliyokatwa, mikate chini ya kitambaa safi, na katikati kabisa jagi kubwa la juisi ya nanasi.

"Mkwe wangu," akasema polepole, "nadhani mimi nimezaliwa hapo kwenye juisi."

Mkwe alitazama jagi, akamtazama mama mkwe, akaona hatanii. Akamwomba mhudumu wabadilishiwe meza. Yule binti wala hakuuliza sababu. Aliwaweka kwenye meza ndogo pembeni mwa dirisha la mwisho, ndani ya mraba ule ule, akawaletea chai, kahawa, mayai, uyoga wa kukaanga, mkate wa moto na asali. Bi Mito alikalia kiti chenye mto, akaubinya kwa vidole viwili kwa mazoea ya kazi. Sponji. Baadaye alipoulizwa alisema, "Si mbaya."

Karibu na dirisha mafundi walikuwa wameacha kipande cha ukuta bila kukipaka, wamekifunika kwa kioo ili wageni waone rangi za zamani zilizopandana: kijani juu ya manjano, manjano juu ya udongo. Dada Mkubwa alikiona, akaacha mkate mkononi. Akainuka, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Kwa nini wameufunga ukuta?" akauliza.

"Ili usiharibike, Mama Mkubwa," akasema mkwe.

"Ulikuwa wa kijani wote. Nilikuwa naukwaruza kwa ukucha, mama ananikataza." Akatazama dirisha. Ukuta wa nyumba ile ni mnene, na kizingiti cha dirisha ni kipana kama benchi. Kabla hawajamzuia, yule mama mzima wa gauni la bluu alikwea akakaa dirishani, akakunja miguu pembeni, viatu haviigusi sakafu, uso kwenye barabara isiyoonekana kwa ukungu.

Bi Mito akamfuata, akasimama karibu, mkono nyuma ya mgongo wa dada yake asianguke.

Dada Mkubwa aligeuka akamtazama. Macho yalikuwa mapole na hayamjui. "Habari za asubuhi," akasema. "Wewe umefika lini?"

Bi Mito alikwisha kuzoea. Muuguzi, binti yake, alimfundisha kwamba mtu akiwa huko usimvute kwa nguvu, nenda naye. "Nimefika sasa hivi," akajibu. "Na ninyi?"

"Sisi tuko hapa. Mabasi mengi yamepita."

"Mnangoja lipi?"

Dada Mkubwa akacheka kidogo, akafunika mdomo. Sauti yake, anasema Bi Mito, ilikuwa imebadilika; si ya bibi wala si ile ya posta. "Hatungoji. Dereva alikuja akaita hapo chini, akapiga honi, akapiga honi. Mama kaniambia nikae kimya. Tukajikunyata chini ya dirisha mpaka likaondoka. Na la jana vile vile."

Mkono wa Bi Mito ukatulia pale ulipokuwa. "Kwa nini hakushuka? Si mnakwenda kwa baba?"

"Mama amesema amechoka kwenda."

"Labda ni kwa sababu ya mtoto. Labda mtoto amemzuia."

"Mtoto gani?"

"Mtoto wa mama yako. Aliyezaliwa."

"Ah, huyo!" Dada Mkubwa alitikisa kichwa kama anayemwelewesha mtu mzito wa kuelewa. "Hajaja bado. Yuko tumboni, anapiga teke, nimemgusa. Nimemwambia mama awe msichana, wa kulala na mimi."

Mezani, mkwe alikuwa ameacha kutafuna. Anasema uyoga ulikuwa mdomoni, akaogopa kuumeza usije ukatoa sauti.

"Na baba je," Bi Mito akauliza, "baba hatakasirika?"

"Mama anasema baba ni mtu wa kukasirika mvua ikinyesha na isiponyesha." Akamsogelea sikioni. "Hapa mama anacheka. Huko tulikotoka alikuwa hacheki. Kakaa hapa dirishani nilipokaa mimi, akasema, sisi tumefika. Nikamwambia bado, mama, kondakta alisema mbali. Akasema, mimi nimefika." Kisha akamshika mkono Bi Mito, akaupapasa kwa kidole gumba. "Usimwambie mtu. Wakijua watakuja kutuchukua."

"Simwambii mtu."

"Haya. Ahsante."

Akageukia barabara tena. Ukungu ulikuwa umeanza kuondoka kwa vipande, na kipande cha barabara kikajitokeza chini, kitupu, kinang'aa, kisha kikafunikwa. Mhudumu alifika na birika akauliza kama waongezewe chai. Akawaongezea tu, akaondoka kwa raba zake zisizo na kishindo.

Nilimuuliza Bi Mito alijisikiaje. Aliniambia hakulia. Alidhani angelia, akangoja, chozi halikuja. Kilichokuja ni njaa. Njaa ya ajabu, anasema, kama ya mtu aliyemaliza kulima. Alirudi mezani akala mayai yake, akala mkate na asali, akamtazama mkwe wake machoni bila haya ya ukwe, akasema, "Mwite yule binti. Nataka mayai mengine."

Mkwe akaita haraka. Mama mkwe wake hajawahi kuomba cha pili tangu amjue.

Walimshusha Dada Mkubwa dirishani kwa kumbembeleza, naye akala vizuri, akasifu asali. Baadaye wakahamia roshani penye viti virefu vya kamba. Jua lilikuwa limetoka, jembamba, la rangi ya chai ya maziwa. Dada Mkubwa akalala kwanza, mdomo wazi kidogo. Bi Mito akasema atafumba macho tu. Mkwe, aliyekuwa na abiria wa kumchukua saa saba, alikaa kwenye ngazi akampigia dereva mwenzake simu kumwachia kazi. Anasema aliwatazama wale kina mama wawili wamelala upande kwa upande, nyuso zimefanana kuliko wakiwa macho, na akaona hata angeletewa abiria wa kwenda mwisho wa dunia asingewaamsha.

Katika usingizi ule Bi Mito hakuota ndoto yenye kichwa na miguu. Alikuwa anasikia nyumba. Mbao zikijinyoosha kwa joto, maji yakikimbia ndani ya bomba, mtu akifuta meza. Mara moja akasikia honi ya basi mbali sana, chini kabisa ya barabara ambayo mabasi yameiacha miaka mingi, na watu wawili wakijikunyata chini ya dirisha wakizuia kicheko. Mmoja alikuwa mzito wa mimba. Alitaka kuamka atazame, lakini mwili ulikuwa mtamu mno, akaacha basi lijipitie.

Alipoamka kivuli cha roshani kilikuwa kimehama, na mtu alikuwa amemfunika shuka jepesi. Dada yake alikuwa macho, anachana nywele kwa kile kitana.

"Mdogo wangu," akasema Dada Mkubwa, "unakoroma kama trekta."

Amerudi, Bi Mito akajua.

Siku zilizofuata alijaribu kumuuliza. Alichagua saa nzuri, baada ya kuoga, au jioni wakichambua sufi. "Dada, unakumbuka Nyumba ya Ngazi mlipojificha na mama basi lisiwakute?" Dada Mkubwa alimtazama kwa mashaka. "Basi gani? Mimi nijifiche kwa nini basi?" Akamwomba asimchoshe. Bi Mito akajua mlango ule umefungwa, na huenda ulifunguka mara moja tu kwa ajili ya ukuta wa kijani na ukungu.

Na je, ni kweli? Jambo hilo lilimkosesha raha kwa muda. Dada Mkubwa huyu huyu wiki iliyopita alituapia barazani kwamba aliwahi kuendesha ndege. Bi Mito alimweleza binti yake muuguzi, akidhani atapewa jibu la hospitali. Binti alisema mambo ya zamani ndiyo hukaa chini kabisa, ya juu huondoka kwanza. Lakini yakipanda juu, mama, yanaweza kupanda yamechanganyika. Hawezi kuapa.

"Wewe mwenyewe unaamini nini?" binti akamuuliza.

Bi Mito alikuwa anajaza mto. Aliendelea kusukuma sufi kwenye pembe kwa kidole, kwa sababu pembe zisipojaa mto huchoka mapema.

"Mama yangu alikuwa na ulimi," akasema hatimaye. "Angetaka kusema mtoto alinizuia, angesema. Miaka yote namuuliza, hajawahi kunitaja mimi. Anasema njia iliishia hapa. Mimi ndiye niliyejitia kwenye sentensi yake."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sisi majirani hatukujua lolote; tulichoona ni kwamba nyumba ile imeanza kuwa na kelele. Asubuhi moja tulisikia sauti ya Bi Mito imepanda hadi barabarani. "Dada! Nimesema usiweke kikombe juu ya kazi ya watu! Macho unayo!" Mke wa seremala alitoka mbio akidhani kuna msiba. Dada Mkubwa naye hakukubali. "Kwani hapa ni kwako? Mimi ndiye niliyekubeba, mzito kama gunia la chumvi, na unalia!" Wakajibizana mpaka chai ikapoa. Halafu tukasikia wanacheka, wote wawili, kicheko kile kile kimoja kinachotokea puani. Tangu hapo wanagombana karibu kila siku, na wamenenepa.

Mkate ukiungua sasa wanaugawana, au wanawapa kuku.

Mwezi uliofuata mkwe alisema wanarudi Nyumba ya Ngazi. Safari hii binti muuguzi alikuwa na mapumziko, akaenda nao. Dada Mkubwa alivaa vizuri, akapanda gari vizuri, akakaa nyuma na mdogo wake, lakini walipofika uani akagoma kushuka. Hakuwa na sababu. Alishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili akasema hapana, hapa pazuri, anaona kila kitu. Walimbembeleza. Mkwe alimwahidi asali. Bi Mito alimgombeza, tena kwa sauti, mbele ya wageni waliokuwa wanapanda ngazi na miwani yao ya jua. Haikusaidia.

"Basi na mimi sishuki," akasema Bi Mito, akajifungia mlango wake kwa kishindo.

Yule mhudumu mwenye raba nyeupe alikuwa anawatazama kutoka roshani. Baada ya muda akashuka na sinia mikononi na kitambaa begani, na nyuma yake mpishi ana birika. Walifungua milango yote minne ya teksi. Sinia likawekwa katikati ya viti vya nyuma, mayai juu ya mapaja ya mkwe, mkate kwenye dashibodi. Muuguzi alimimina chai huku amepiga magoti kitini, amegeukia nyuma. Mvua nyembamba ikaanza, ile isiyolowesha, na hakuna aliyefunga mlango.

Dada Mkubwa alikula, akafuta vidole, akatazama mbele kupitia kioo penye matone yanayokimbizana.

"Dereva," akasema, "usiwe na haraka."

"Sina, Mama Mkubwa," akasema mkwe, mdomo umejaa.